Barua ya malalamiko: Mlituuzia samaki siku ambayo tangi halikuwa tayari

Nairobi,
9 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bibi,

KUH: SAMAKI WATANO WA BAHARINI WALIOKUFA, NA AGIZO LENU KWAMBA TUFUTE PICHA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa utayarishaji wa filamu hapa Nairobi. Pamoja na wenzangu wanne, tunatengeneza filamu ya makala ya dakika 20 kuhusu watu wanaofuga samaki wa baharini katika jiji hili, ambalo liko takriban kilomita 480 kutoka Mombasa na karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Duka lenu ndilo tulilolianzia. Mlitukaribisha, mkatia sahihi barua ya ruhusa, mkatuachia tupige picha kwa siku tatu nzima. Kwa hayo niliwashukuru na bado nawashukuru. Ndiyo maana yaliyofuata yameniuma zaidi.

Hatukutaka filamu yetu iwe ya kuchungulia vioo vya watu wengine. Tuliamua kuanzisha tangi letu wenyewe na kulipiga picha tangu siku ya kwanza. Tulichanga kwa miezi mitano, wengine kwa pesa za mkopo wa masomo, hadi zikafika shilingi 96,000. Jumamosi tarehe 8 Machi tukanunua kwenu tangi la lita 180, pampu, hita, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), taa, ndoo ya chumvi ya kuchanganya na mawe makavu ya kupanga ndani. Risiti ninayo na ujumbe wa M-Pesa ninao.

Muuzaji wenu alikuwa amevaa maikrofoni yetu kwenye ukosi wa shati, kwa ridhaa yake, kwa hiyo maneno yake si ya kukumbuka kwa kubahatisha. Nilimuuliza waziwazi tungoje muda gani kabla ya kutia samaki. Akajibu: “Mkichanganya chumvi leo mchana, jioni samaki wanaingia. Hakuna haja ya kungoja.” Kisha akatuchagulia klaunifishi wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, na damseli watatu wa buluu. Tukarudi nao Ngara, kwenye chumba tulichopanga, kwa matatu, mifuko ikiwa mapajani, mwenzetu mmoja akiikinga jua kwa sweta yake.

Jumapili walikuwa wazuri. Jumatatu pia. Jumanne jioni niliona wanapumua kwa kasi, matamvua yanafunguka na kufunga bila kupumzika, na damseli wote wamepanda juu pale pampu inapomwaga maji. Nikapiga simu dukani. Aliyepokea akaniambia wanazoea tu mazingira, tuwaongeze chakula wapate nguvu. Tukawaongeza. Leo najua kwamba ushauri ule ulikuwa kama kumwaga mafuta motoni, kwa sababu chakula kinachobaki huoza na kuongeza sumu ileile iliyokuwa ikiwaua.

Jumatano asubuhi damseli wawili walikuwa wamekufa. Nilikuja mbio dukani kwenu nikanunua kipimo cha amonia, ile sumu wanayoitoa samaki wenyewe, kwa shilingi 2,800, kipimo ambacho hakuna aliyetuambia kwamba tutakihitaji siku tuliyolipa zile 96,000. Maji yaliyo salama hubaki na rangi ya manjano kwenye kile kichupa. Yetu yaligeuka kijani ndani ya dakika chache, na kwenye kadi ya rangi yakalingana na miligramu 2 kwa lita. Inayotakiwa ni sifuri. Tukabadilisha theluthi ya maji mchana huo, tukaongeza jiwe la hewa linalotoa mapovu majini, lakini tulikuwa tumechelewa.

Kamera ilikuwa kwenye stendi yake usiku ule, ikipiga picha moja kila sekunde 10, kwa sababu tulikuwa tumepanga kuonyesha jinsi klaunifishi wanavyochagua mahali pa kulala. Badala yake ilinasa kufa kwao. Yule mkubwa alilala ubavu kwenye kona ya nyuma, chini ya hita. Mdogo alikuwa akienda, akimgusa kwa pua, akirudi, akimgusa tena. Hilo liliendelea kwa muda wa saa mbili na dakika 40, nimelihesabu kwenye picha. Kabla ya alfajiri naye akaacha kuogelea. Klaunifishi huzaliwa wote wakiwa madume, na katika jozi yule mkubwa ndiye hugeuka jike. Wakitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Hawa wetu waliishi kwetu siku tano.

Alhamisi fundi wenu alikuja Ngara kuangalia, na ninamshukuru kwa dhati. Aliangalia mawe, akanusa maji, akauliza tangi lina siku ngapi. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, halafu akaeleza mbele ya kamera, kwa uvumilivu mkubwa, jambo ambalo lilipaswa kusemwa kaunta. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila saa. Baharini huchukuliwa na maji mengi. Ndani ya kioo hakuna wa kuiondoa ila bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huvumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawauzwi pamoja na mawe makavu. Lazima wazaliane polepole, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Akaongeza kwamba maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ya karibu 8.2, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu kali kuliko ilivyo kwenye matangi ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ambayo watu wengi wa Nairobi wameyazoea.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, na ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu hii. Hapa tulipo juu, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo maji hushika oksijeni kidogo. Maji ya joto hushika pungufu zaidi, na ya chumvi pungufu kuliko hapo. Samaki ambaye matamvua yake yameunguzwa na amonia, akiwa Nairobi, anakosa pumzi mara mbili. Duka linalouza samaki wa baharini katika jiji hili linapaswa kuwa na tahadhari zaidi ya duka la Mombasa au la Mtwapa. Fundi wenu analijua hilo. Muuzaji wenu ama halijui, ama analijua na ameambiwa asiliseme. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kuna jingine, na linahusu ukweli wa filamu yenyewe. Muuzaji alituambia wale klaunifishi wa rangi ya chungwa ni “wa hapa kwetu, wametolewa Watamu.” Niliyaandika maneno hayo kwenye maelezo ya msimulizi. Mhadhiri wetu ndiye aliyetushtua. Klaunifishi wa pwani yetu wapo, kama yule mwenye mwili wa kahawia iliyokolea na yule mwenye mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni, lakini huyo wa chungwa mwenye mistari mitatu ni wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, kuanzia Thailand na Indonesia hadi Ufilipino, na wengi wanaouzwa siku hizi huzalishwa kwenye matangi. Tena hifadhi ya taifa ya bahari ya Watamu imelindwa tangu mwaka 1968, na kutoa samaki ndani yake ni kosa. Kama samaki wenu wamezalishwa kwenye matangi, hiyo ni habari njema ambayo mteja angefurahia kuisikia. Kwa nini basi mtungie wateja hadithi ambayo, kama ingekuwa kweli, ingeweza kuwa kosa la jinai? Mimi ni mwanafunzi, na kosa kama hilo likiingia kwenye filamu ya makala, ni jina langu linalochafuka.

Majibu yenu kwa malalamiko yangu ya simu yalikuwa matatu, siku tatu tofauti. Kwanza, kwamba samaki ni viumbe na hufa. Pili, kwamba tuliwalisha kupita kiasi, ingawa hadi Jumanne jioni tuliwalisha mara moja kwa siku, na chakula cha ziada kilitokana na agizo lenu. Tatu, tarehe 20 Machi, ofisi yenu ilinipigia ikasema ruhusa ya kupiga picha imeondolewa, na kwamba tufute picha zote za muuzaji, za fundi na za usiku ule, la sivyo mtawaandikia wakuu wa chuo chetu.

Hatutazifuta. Ruhusa mliyotia sahihi haina kipengele cha kuifuta kazi iliyokwisha kufanyika, na picha za Ngara zilipigwa katika chumba tunacholipia kodi. Hatukuingia dukani kwenu kutafuta ubaya. Tulikuja kwa sababu tunawapenda samaki hawa na tuliamini mnawapenda pia.

Katiba, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika kuuza. “Jioni samaki wanaingia” ni maelezo ya kupotosha.

Kwa hiyo naomba mturudishie bei ya samaki watano na ya kipimo, jumla shilingi 14,300. Vifaa vingine vinafanya kazi na sivilalamikii. Pia mniandikie kwamba agizo la kufuta picha limeondolewa. Kubwa kuliko pesa, naomba mtundike pale kaunta, mahali mteja anaposimama kulipa, maelezo ya muda ambao tangi jipya la bahari linahitaji, na muache kabisa kumuuzia mtu tangi na samaki siku moja. Na ninasihi fundi wenu asiadhibiwe kwa kusema kweli. Ni yeye peke yake aliyetuheshimu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na sauti na picha, kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Tangi bado linaendeshwa. Halina samaki. Tunapima kila jioni saa moja: amonia imeshuka hadi sifuri tangu Ijumaa, nitriti bado inaonyesha zambarau, yaani bado ipo. Tunaifunga hariri ya filamu tarehe 30 Mei. Mkitaka kulizungumzia suala hili mbele ya kamera kabla ya hapo, kwa maneno yenu wenyewe na bila kukatizwa, nitakuja na vifaa siku na saa mtakayochagua.

Wako mwaminifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Utayarishaji wa Filamu
(kwa niaba ya kikundi cha wanafunzi watano)