Mtumbwi wa Mzee bado sijauuza

Nansio, Ukerewe
Jumatatu usiku

Ndugu yangu Kambare,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Mama hajambo, mgongo tu unamsumbua asubuhi. Watoto wazima, mihogo imekubali mwaka huu, ng'ombe wa baba mdogo amezaa. Natumaini na huko Dar mko salama, shemeji na wale mapacha. Haya, salamu zimeisha, nina jambo.

Umenipigia mara tatu kuuliza kama yule mnunuzi wa Bugolora ameleta hela za mtumbwi wa marehemu Mzee wenu. Mara zote nimekujibu bado, na mara ya mwisho nikakata nikisema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Hela anazo, laki tatu na nusu, alikuja nazo Ijumaa mkononi, akauzunguka mtumbwi mara mbili, akaugongagonga mbao. Ni mimi niliyemwambia asubiri. Nisamehe kwa kukuficha. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu jambo hili linanishinda, na mpwa wangu anapanda meli ya asubuhi, atakufikishia.

Ni hivi. Mnunuzi alipoondoka, Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Akasema, wala hakuniangalia: "Kabla haujaenda, ningekula sato wa kwa Mzee."

Alimaanisha ule mwamba wa majini Mzee alikokuwa akivua. Unamjua Mama, haombi kitu. Tangu arobaini sijamsikia akitamani chakula chochote, anakula kinachowekwa. Nikamwambia, kesho utakula. Nilisema hivyo upesi mno, kama mtu anayekwenda kuchuma embe.

Alasiri ile ile mimi na mdogo wako tukaushusha mtumbwi majini. Miezi minane umekaa juani, mbao zimekauka zimeachana, mwanga unapenya kati yake. Tukaujaza mawe, tukauzamisha pale kwenye maji ya magoti ili uvimbe, kama Mzee alivyokuwa akifanya kila baada ya matengenezo. Alfajiri tukautoa, tukaziba kwa pamba palipobaki wazi. Ubavuni ulikubali. Pale kwenye mkuku, upande wa tezi, yaani nyuma, ulikuwa bado unavuja, na kopo la kuchotea maji halikupumzika siku nzima.

Mama alitulazimisha kuvaa maboya. Tangu kivuko cha MV Nyerere kizame, Septemba ya 2018, haruhusu mtu aliyetoka nyumbani kwake aende majini bila boya, hata kama anavuka kufika pale tu kwa mkweo. Tukayavaa. Ulikuwa mwezi mpevu, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo watu wa dagaa wote walikuwa wamepumzika, mitumbwi yao juu ya mchanga, wamekaa wanashona nyavu. Tulipopita tunasukuma, mmoja akauliza, "Huo si wa Mzee?" Mdogo wako akaitikia. Yule bwana akasimama, akavua kofia, na wenzake wawili watatu wakasimama pia. Sikutegemea. Nilipiga kafi kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Sasa nikueleze tulivyopotea.

Unakumbuka alivyotufundisha: majini hakuna mahali, mahali pako nchi kavu. Jiwe la minandi, wale ndege wavuvi, liingie chini ya mkuyu, hapo hapo ncha ya kisiwa ikate mnara wa kanisa. Alama zikikutana, tupa nanga, pima nane, mwamba. Mimi nilikuwa nayasema maneno haya kichwani tangu usiku, nikayasema tena tukiwa njiani. Mnara tuliuona vizuri. Kanisa limeezekwa bati la buluu lakini mnara ni ule ule. Ncha ya kisiwa ipo. Tukaufuata mstari huo mpaka mbele, nikageuka kutafuta mkuyu.

Mkuyu haupo, Kambare.

Nimepita ufukwe ule mara ngapi kwa miguu na sikuwahi kugundua, kwa sababu mtu anayetembea haangalii mti kama anavyouangalia mtu aliye majini. Mdogo wako ndiye aliyenikumbusha: maji yalipopanda 2020 yaliingia mpaka mizizini, yakakaa, na yalipopanda tena 2024 mti ulikuwa umeshakufa umesimama. Watu wakaumalizia kwa kuni. Na jiwe la minandi lenyewe siku hizi linatoa kichwa tu, pengine mgongo wa kiboko una urefu zaidi. Minandi wamehamia kwenye nguzo za vizimba vya samaki.

Kwa hiyo tulikuwa na alama moja. Na alama moja, wewe unajua kuliko mimi, inakupa njia tu, haikupi mlango. Tulijua tuko kwenye mstari wa Mzee, lakini mstari ule unatoka karibu na ufukwe unakwenda mpaka maji meusi. Tukaanza kupapasa. Tunasogea, natupa jiwe, nahesabu mafundo ya kamba, nasikiliza kwa kiganja. Mzee alikuwa akishika kamba kwa vidole viwili na kukwambia chini kuna mwamba, au kokoto, au tope, kabla jiwe halijatulia. Mimi nilichosikia ni tope. Tope, tope, mchanga, tope. Mara moja jiwe liligonga kitu kigumu, moyo ukaniruka, kamba ikasema pima tano. Si penyewe. Mara saba tulitupa nanga, mara saba tukaing'oa.

Tulivua hivyo hivyo, maana jua lilikuwa limeshapanda na minyoo inakufa kwenye kopo. Furu walikuwa wanakula chambo kama wameitwa harusini. Unatupa, unahisi tiki tiki tiki, unavuta, ndoana tupu. Tuliwapata kumi na mmoja. Mzee alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa kijana, kabla sangara waliopandwa ziwani miaka ya 1950 hawajaenea huku kwetu, furu walikuwa wa kila namna na kila rangi, wekundu, wa manjano, wa buluu, na kila mwamba na wake. Hawa wetu walikuwa wa rangi moja, kijivu. Nilimfikiria sana wakati nawatoa ndoanani.

Kisha gogogo mmoja, akalia vile wanavyolia, na mdogo wako akamshika vibaya, mwiba wa ubavuni ukamwingia kwenye dole gumba mpaka damu ikachuruzika. Mkono umevimba, leo umeanza kupungua, usimwambie nimekuandikia. Saa tano akaja sangara, mzuri, anang'aa, lakini ukimpima kwa jicho hafiki sentimita 50 zinazotakiwa, hata 30 sidhani. Tukamrudisha. Najua mwaloni kuna watu wangemla, na wapo wanaovuta kokoro na kutega timba, nyavu zilizokatazwa, mchana kweupe, linaniuma jambo hilo na nimelisema kwenye kikao mara mbili mpaka wengine hawanisalimii. Lakini ndani ya mtumbwi wa Mzee nisingeweza. Ungeweza wewe?

Na sato? Mmoja. Ukubwa wa kiganja cha mtoto. Huyo naye tukamwachia.

Tulijaribu kusogea upande wa vizimba. Mdogo wako anasema sato wakubwa siku hizi wanazunguka huko, wanaokota chakula kinachopenya nyavuni, na huenda ana haki, tuliona maji yakichezacheza pale. Mlinzi akatupigia kelele tukiwa bado mbali. Sikumlaumu, kuna wizi, na kijana wa watu anatafuta riziki yake. Ila nilipoangalia nyuma kutoka pale, nikauona mnara na ncha ya kisiwa vimekaa karibu kabisa kukatana, nikaanza kuwaza: je, kama vile vizimba vimewekwa juu ya mwamba wenyewe? Sina uhakika. Nimeliwaza hilo usiku wa Jumamosi, na Jumapili kanisani, na sasa hivi naandika bado naliwaza.

Saa saba upepo ukaanza kuchafua maji na kopo likawa halitoshi. Tukarudi. Njiani hatukuongea. Si kwa sababu ya samaki. Nimewahi kurudi mikono mitupu mara nyingi, na wewe pia, na Mzee mwenyewe alikuwa anarudi hana kitu anacheka. Safari hii ilikuwa kama kwenda nyumbani kwa mtu unayemjua, ukafika kijijini, ukakuta hakuna nyumba wala njia, na kila unayemuuliza anakwambia hapa hapajawahi kukaa mtu.

Mama alikuwa ameshatenga sufuria. Nyanya amekata, ndimu amekata, ugali wa muhogo maji yanachemka. Akachungulia ndani ya ndoo, akawaona furu na yule gogogo. Hakusema neno baya. Akawapara mwenyewe, akawakaanga wakakauka vizuri, akatupakulia. Tulipokuwa tunanawa ndipo akauliza, taratibu tu: "Mlifika kwa Mzee?"

Nikajibu, "Tulifika karibu, Mama."

Hilo jibu ndilo linalonikosesha usingizi. Karibu na wapi? Sijui tulikuwa karibu au mbali. Ningesema hatukufika lingekuwa kweli tupu, na yeye angelipokea. Lakini aliniangalia kwa namna fulani, nikashindwa. Akasema, "Basi mtafika," akaanza kukusanya vyombo.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kumpa mtu wa Bugolora mtumbwi wiki hii. Najua ada za watoto zinakusubiri, najua ulisema uza tu, mbao zikioza hakuna atakayenunua, na ni kweli. Sikupingi. Mtumbwi ni wenu, mimi ni mtunzaji. Kama shida ni hela ya haraka, nina laki moja ya machungwa niliyouza, nimempa mpwa wangu akuletee, ichukue kama mkopo au kama sehemu ya bei, utakavyoona. Mnunuzi nimemwomba asubiri mpaka mwezi mwandamo. Amekubali, ingawa uso haukukubali.

Nataka kwenda tena mara moja. Mara moja tu, nikiwa na alama mbili. Mdogo wako aliweka nukta kwenye simu kila tulipotupa nanga, ziko saba zimejipanga kama shanga, na hakuna hata moja ambayo ni kwa Mzee, lakini angalau tunajua ambapo si penyewe. Nikipata alama ya pili, yoyote, tutaweka nukta ya nane na haitapotea tena hata kama wakikata miti yote ya kisiwa.

Kwa hiyo nisaidie, wewe ulianza kwenda naye tangu darasa la nne, mimi nilichukuliwa baadaye. Kabla ya mkuyu alikuwa anaangalia nini? Kulikuwa na alama ya tatu? Naota kama aliwahi kutaja mlima wa ng'ambo, nguu mbili zinazoachana, au hiyo ilikuwa ya mahali pa kuvulia ningu? Siku za ukungu, mkuyu ulipokuwa hauonekani, alifanyaje, alirudi au alikuwa na njia nyingine? Mlikuwa mnapiga makafi mangapi kutoka jiwe la minandi, uliwahi kuhesabu? Jua la asubuhi lilikuwa linakupiga shavu gani mkiwa mmekaa mnavua? Usinicheke kwa hilo, nimejikuta Jumapili nimesimama uani nimefumba macho najaribu kukumbuka joto lilikuwa upande upi, na nadhani la kushoto, lakini mimi nilikuwa nakaa omo, mbele, na wewe tezi, sijui kama tulikuwa tunaangalia upande mmoja.

Na lile daftari lake la ngozi nyeusi, la mahesabu ya samaki, ulilichukua ulipoondoka baada ya arobaini au limebaki kwenye sanduku la Mama? Sitaki kumuuliza. Kama unalo, angalia kurasa za mwisho, alikuwa anachorachora.

Nijibu kupitia mpwa wangu, anarudi Ijumaa. Ukiweza piga simu, lakini piga usiku, Mama akiwa amelala. Nimekufungia machungwa na michembe kidogo, vile viazi vikavu. Wasalimie wote.

Ni mimi,
jirani yako wa mwembeni

Nimesahau: kasia lake refu, lile lenye nyufa, mnunuzi anadhani linakwenda na mtumbwi. Je, linakwenda?