Salamu za Noeli kutoka lindoni

Ndugu zangu mliopanda mlimani, na nyie mliobaki Dar kwa sababu nauli zimepaa, Heri ya Noeli. Shikamoo Mama. Shikamoo Baba mdogo. Wadogo zangu, marahaba, ingawa najua hamjasalimia.

Nawaandikia nikiwa zamu. Huku mwezi huu jua linazama hata saa kumi jioni haijatimia, na siku ya Noeli yenyewe London nzima haina basi wala treni ya chini ya ardhi. Mlinzi wa usiku anakwenda kazini kwa miguu. Huu ni mwaka wangu wa nne: natoka Kennington, navuka daraja la Westminster, nakata nyuma ya Whitehall mpaka kwenye jengo langu, mkononi chupa ya chai, mfukoni chapati mbili nilizozifunga kwenye foili. Barabara tupu kama Kariakoo siku ya sensa. Na kumbe njia hiyo ndiyo waliyozaliwa polisi wa jiji hili, kwa hiyo kila nikiipita namkumbuka Baba mdogo.

Wadogo hamkumbuki, lakini Baba mdogo alipokuwa kazini hatukuwahi kula naye Noeli. Ndafu ikikatwa, Bibi alimtengea fungu lake kwenye sufuria, akafunika na sahani, juu ya sahani akaweka jiwe kwa ajili ya paka. Afande alifika tarehe 26, pengine 27, buti zina vumbi, akala nyama baridi akiwa amesimama. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiombe ruhusa. Akasema wezi nao hawajaomba.

Basi Baba mdogo, salamu za mwaka huu ni zako.

Ukimaliza daraja, kushoto ni Bunge. Hapo nje, Desemba 1868, waliweka taa ya kwanza ya kuongoza magari, wakati huo magari ya farasi. Aliyeibuni, J. P. Knight, alikuwa mhandisi wa reli, na ilifanana na vitu vya reli kweli: mchana inanyoosha mikono, usiku inawaka gesi nyekundu na kijani, na askari amesimama chini yake akiiendesha kwa mkono. Januari 1869 gesi ikalipuka, ikamjeruhi aliyekuwa zamu. Jiji likaogopa, likakaa zaidi ya miaka 50 kabla ya kurudia. Mimi hufika pale usiku, taa ni nyekundu, gari hata moja hakuna, na bado nasimama. Hayo ni malezi yako.

Kulia, kando ya mto Thames, ndipo makao makuu ya sasa ya polisi wa London, New Scotland Yard, na kile kibao kinachozunguka. Wamehama mara kadhaa, jina wakilibeba kama mtu anayehama na kinu cha mama yake. Asili ya jina iko mbele kidogo, namba 4 Whitehall Place, nyumba ambayo upande wa nyuma ilipakana na ua ulioitwa Scotland Yard. Humo, mwaka 1829, waziri wa mambo ya ndani Robert Peel aliwakalisha watu wawili: Charles Rowan, mwanajeshi aliyepigana vita vya Waterloo, na Richard Mayne, mwanasheria. Wakapewa kazi ya kuanzisha polisi kwenye jiji ambalo polisi halikuwataka. Jioni ya tarehe 29 Septemba mwaka huo vijana wa kwanza wakatoka barabarani.

Kabla yao mitaa ililindwa na walinzi wa parokia, wengine wazee wa kuokota, wenye taa na fimbo. Alikuwapo pia mpiga kengele aliyezunguka usiku. Huyu ndiye nimempenda. Noeli ikifika alipita mlango kwa mlango na karatasi iliyochapwa mashairi ya kuwatakia heri wenye nyumba, akangoja sarafu. Kwa hiyo mlinzi kuwaandikia salamu watu waliolala si jambo nililolianza mimi. Yangu haina vina wala mizani. Namba yangu ya kutumia fedha mnayo.

Kwa nini hawakuwataka polisi? Waliona ni jeshi linaletwa mtaani kwa mlango wa nyuma, na waliogopa majasusi wa serikali kama wale wa Ufaransa ambao habari zao walizisikia. Ndiyo maana koti likawa la buluu, maana wanajeshi walivaa jekundu. Kichwani kofia ndefu ya kiraia. Rungu likafichwa kwenye mkia wa koti lisionekane. Na Baba mdogo, lile swali lako la simu: ni kweli, mpaka leo wengi wao hawabebi bunduki.

Mshahara ulikuwa shilingi 21 kwa wiki, na sare ilivaliwa hata ukiwa mapumziko, ili mtu asije akasema askari amejificha akipeleleza. Aliyekuwa kazini alitambulika kwa kitambaa cha mistari kwenye mkono wa koti. Askari namba 1, William Atkinson, alifukuzwa siku ileile ya kwanza kwa ulevi. Najua umecheka. Namba 1!

Lakini ninachokifikiria zaidi nikitembea ni lindo lenyewe. Kila askari alipewa njia yake, mitaa yake kadhaa, aizunguke usiku kucha kwa mwendo mmoja wa taratibu. Anajaribu kila komeo. Mwenye duka anajua baada ya muda fulani atasikia buti zilezile zikipita tena. Mimi mwenyewe nina ghorofa sita na milango thelathini na mbili, na katikati ya mzunguko wa tatu ndipo naelewa: mtu hakuzoei kwa sheria ya Bunge. Anakuzoea kwa kukusikia unapita.

Na haikuwa haraka. Mwaka 1833, kwenye mkutano wa hadhara uliovurugwa pale Coldbath Fields, askari Robert Culley alichomwa kisu akafa. Baraza la wazee lililokaa kuchunguza kifo hicho likaamua kuwa mauaji yale yalikuwa ya haki, na wazee hao wakashangiliwa mitaani. Mwaka huohuo ikagundulika kuwa sajini mmoja, William Popay, amevua sare akajiunga na chama cha wanasiasa, akijifanya mwenzao. Kelele zikafika Bungeni. Sisi Waswahili tungemwita askari kanzu tukaendelea na chai. Wao walipigwa na butwaa. Mpaka 1842 ndipo wakathubutu kuwa na wapelelezi rasmi, wanane tu.

Mengine nayaruka. Filimbi ikaja kuchukua nafasi ya kayamba lao la mbao, mwaka 1887 askari wakaruhusiwa kupiga kura, 1918 wakagoma, 1919 wanawake wakaingia.

La watu weusi siliruki. Norwell Roberts, askari mweusi mzaliwa wa kisiwa cha Anguilla, alijiunga 1967, na amesimulia hadharani jinsi wenzake wa kituoni walivyomnyanyasa. Aprili 1993 kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa akingoja basi kusini mwa jiji. Ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyochunguza jinsi polisi walivyoshughulikia kifo hicho, ikasema ubaguzi umo ndani ya taasisi yenyewe. Ripoti nyingine, ya Louise Casey, ikarudia karibu neno lilelile mwaka 2023. Miaka 24 katikati. Mimi naona imani iliyojengwa kwa miguu, mzunguko kwa mzunguko, waliila kwa vijiko vikubwa, na nadhani wenyewe wanajua.

Jana usiku nilipita askari wawili wa miguu karibu na mto, binti na kijana, mashavu mekundu kwa baridi. Wakanitakia heri. Binti akauliza nimebeba nini kinachonukia hivyo. Nikamkatia nusu chapati, akaila palepale, akiwa amesimama.

Ndiyo iliyonifanya niandike. Baba mdogo, mwanao ametoka chuo cha polisi, CCP, mwaka huu, amepangwa Arusha, na Mama ameniambia hakupata ruhusa. Atafika tarehe 27 akipata gari. Bibi hayupo, lakini ile sufuria nimeambiwa bado ipo jikoni kwa Mama. Mtengeeni fungu lake mapema, la ubavuni, kabla wajomba hawajafika. Na jiwe liwe zito.