Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: mama yangu aelezwe kwa Kiswahili

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Kwa heshima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili kwenye sanduku la maoni, lile la karibu na dirisha la dawa, hazijajibiwa.

Mama yangu anatibiwa saratani ya titi hapo kwenu. Alitundikiwa dripu ya kwanza, ile dawa nyekundu, tukarudi nyumbani. Siku ya kumi akashikwa na homa. Nikampa Panadol siku mbili, mpaka akashindwa kusimama. Hakuna aliyetuambia kwamba baada ya dripu ile kinga ya mwili hushuka, na homa ikifika nyuzi 38 ni ya kukimbiza mtu hospitali usiku huohuo. Ningempoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Akalazwa. Jumanne iliyopita daktari akaja na wanafunzi wake, wakasimama kitandani robo saa nzima wakiongea Kiingereza. Mama akawatazama midomo. Mimi wa darasa la saba nilidaka neno moja tu, "steji", yaani hatua ugonjwa uliyofikia. Ya ngapi, sijui mpaka leo.

Walipoondoka mama akaninong'oneza: "Wamesema damu inatoka wapi?"

Damu gani, mama?

Kumbe usiku ule wa dripu aliona mkojo mwekundu. Akajua anavuja damu ndani, akaficha, akawa anasubiri kufa. Dripu ya pili akaikataa. Nikamfuata nesi, akacheka kwa upole: ni rangi ya dawa, hutoka na mkojo siku moja au mbili, haina neno. Sentensi moja! Mama yangu amebeba kifo wiki mbili kwa kukosa sentensi moja.

Najua mmezidiwa. Nimekaa kwenye lile benchi tangu saa 11 alfajiri, nimemwona daktari akiita watu hadi jioni bila kula. Pengine ndiyo sababu. Lakini ile robo saa ilikuwepo, Mganga.

Na kwenye kikao na ndugu wa wagonjwa ulituahidi kwa kinywa chako: kila mgonjwa mpya atapata nesi wa kumweleza, na karatasi ya Kiswahili ya kwenda nayo nyumbani. Tulikupigia makofi. Karatasi ziko wapi?

Mama amekubali dripu ya Alhamisi baada ya kubembelezwa sana. Maswali yake manne nimemwandikia nyuma ya kadi ya kliniki. Naomba daktari akae, ayasome, amjibu mama mwenyewe, si mimi. Na mgonjwa wa kitanda cha pili naye ajibiwe. Kwa Kiswahili, Mganga. Kwa Kiswahili tu.

Wako,
Binti wa mgonjwa, wodi ya wanawake