Risala ya Klabu ya Fizikia na Anga kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wahitimu na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Moshi, Mama. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu alisoma fizikia, akafanya utafiti wa nyota, na leo anaongoza kampuni ya teknolojia, tulijiuliza: alivukaje kutoka angani hadi kwenye biashara? Swali hilo tumelifanyia kazi.

Tulitengeneza spektroskopu, kifaa cha kutenganisha mwanga katika rangi zake, kwa boksi la viatu, mwanya mwembamba wa kupitisha mwanga na kipande cha CD. Tulipoielekeza kwenye balbu ya kizamani, rangi zilikuja zimeungana kama za upinde wa mvua. Kwenye taa ya tyubu ya bwaloni zilikatika zikawa mistari, mmoja wa kijani umekolea kweli kweli. Ule ni mstari wa zebaki iliyomo ndani ya tyubu. Kila elementi ina mistari yake, kwa hiyo mwanga unatosha kueleza nyota imeundwa na nini, hata kama hakuna atakayeifikia.

Mwanaastronomia Cecilia Payne alianzia hapo. Alisoma Cambridge, Uingereza, wakati chuo hicho hakiwapi wanawake digrii. Akaenda Marekani, na mwaka 1925 tasnifu yake ikaonyesha kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu. Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo, alimwambia haiwezekani, naye Cecilia akaandika kwamba matokeo yake karibu kwa hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe akafikia jibu lile lile. Jambo hili lilituuma, Mama, maana hadi leo msichana akitaja PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, huulizwa nani kamshauri.

Na biashara? Mhandisi John O'Sullivan wa Australia alitafuta mawimbi hafifu ya redio kutoka kwenye mashimo meusi, asiyapate. Lakini hisabati aliyoitumia kusafisha mawimbi yaliyovurugika, yeye na wenzake waliitumia miaka ya 1990 kuipa Wi-Fi kasi ndani ya majengo, ambako mawimbi hugonga kuta na kurudi yamechanganyikana. Hapo tukaelewa: aliyezoea kuchambua data chafu za angani, kampuni inamhitaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza ni darubini. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Mei, mawingu ya masika yakituachia, makundi ya nyota ya Msalaba wa Kusini, upande wa kusini, na Dubu Mkubwa, upande wa kaskazini, tunayaona usiku mmoja. Kilimia, kishada cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitazama kwa macho kujua msimu, sisi tunataka kuzihesabu nyota zake.

La pili: kabla hujaondoka, ukae na wasichana wa Kidato cha Pili. Mwakani wanachagua masomo, na wengi wameshaambiwa waiache fizikia.

Tunaomba kuwasilisha.