Mdogo wangu, umeshika amri zote ila furaha imekwenda wapi?

Mdogo wangu,

Jina sitaji ila ukisoma utajua ni wewe. Nimeamua kuandika maana kwenye simu kila tukigusa hili jambo la neema na sheria, kwamba Mungu anampokea mtu bure kabla hajastahili, unaniuliza "kwani Mungu kafuta amri?" na tunaanza kubishana. Hajafuta. Usizini ni usizini, usiibe ni usiibe, hapo mi na wewe tuko pamoja kabisa.

Ninachokuomba ni usome Luka 18 na 19 kwa mfululizo, usisimame pale sura inapoisha. Kuna yule tajiri anayemwambia Yesu amri zote amezishika tangu ujana wake, na Yesu hamwiti mwongo, anamwambia tu umepungukiwa neno moja, uza vyote uwape maskini afu unifuate, jamaa akahuzunika sana. Sasa vuka kidogo tu uingie Yeriko ukutane na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, mtu ambaye mji mzima unamwona mwenye dhambi. Yesu anamwita ashuke mtini na kumwambia leo nashinda kwako, na Luka haandiki sharti lolote hapo, hakuna rudisha kwanza ndo nije, na watu wakanung'unika kama ambavyo hata wewe ungenung'unika (samahani lakini ni kweli). Afu Zakayo mwenyewe anasimama anasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Mara nne! Torati kwenye Hesabu 5 ilimtaka mtu anayekiri arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Mara nne ni ile ya Kutoka 22, ya mwizi wa kondoo aliyeshamchinja au kumuuza. Yaani kajipangia mwenyewe adhabu ya mwizi, na kwa furaha, wakati yule mshika amri aliambiwa wazi cha kufanya na akashindwa.

Kwahiyo ukisema neema inawalegeza watu mi nakuuliza, Zakayo alilegea wapi? Hata Paulo alishaulizwa hayo, Warumi 6, tudumu kwenye dhambi ili neema iongezeke? Akasema hasha. Na kwa Tito anaandika kwamba neema yenyewe ndo inatufundisha kukataa ubaya. Sheria kazi yake anaitaja Warumi 3, kuijua dhambi. Ni kama kipima joto, kitakuambia una homa na kitasema kweli, ila hata ukibane kwapani siku nzima homa haishuki.

Na wewe ndo unachofanya. Unafunga, unajihesabia makosa, unafunga tena, na sikuhizi umekuwa mkali hadi watu wanaogopa kukaa na wewe, wakati Wagalatia 5 inataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, mambo ambayo hayaji kwa kujibana. Kinachoniuma zaidi ni hili la kukwepa meza ya Bwana, ule ushirika wa mkate na kikombe kanisani, eti mpaka uwe sawa. Paulo aliwaambia Wakorintho mtu ajihoji, na hivyo aule mkate. Aule, mdogo wangu, hakusema ajihoji afu akae nje.

Mungu alishaahidi kupitia Ezekieli kwamba atatoa moyo wa jiwe na kutia wa nyama, na ukisoma vizuri pale anayefanya kazi ni yeye, nitawapa, nitatia, nitatoa, na kuenenda katika sheria zake kunakuja baada ya hapo.

Daudi alizini na akaua, makosa ambayo kwa torati ni kifo, na kwenye Zaburi 51 anasema wazi kwamba angetoa sadaka endapo sadaka ndo ingempendeza Mungu. Ameomba aumbiwe moyo safi, na arudishiwe furaha ya wokovu. Leo usiku usiandike orodha ya makosa, soma hiyo zaburi kwa sauti taratibu, mstari wa 10 mpaka 12 urudie hata mara kadhaa, na ukitaka tuombe wote nipigie saa yoyote.

Nakupenda sana.