Jumamosi: santuri na magitaa, Kirumba

Wapendwa, habari za mchana. Jumamosi saa kumi jioni tunakutana palepale Kirumba. Mgeni ni yule kaka ambaye wengine mlimwona kwenye runinga akiigiza mtoto mtundu. Uigizaji kauacha, siku hizi ugonjwa wake ni muziki wa dansi. Anakuja na santuri za bendi za zamani: Western Jazz, Morogoro Jazz ya enzi za Mbaraka Mwinshehe, na NUTA Jazz ya 1964 (ndiyo Msondo Ngoma ya leo, vijana). Kila moja huifuta vumbi kwa kitambaa laini, taratibu, akifuata mifereji, ndipo ashushe sindano. Msimharakishe.

Halafu kazi yenyewe: anataka nyimbo hizo tuzipige upya kwa magitaa, solo, rizimu na besi. Namuunga mkono. Bendi nyingi za harusi siku hizi kinanda kimoja kinabeba kila kitu, chemko (pale mwishoni wimbo unapochangamka) likifika hakuna wa kujibizana na solo.

Tumba tunazo. Saksofoni hatuna, mwenye ndugu kwenye bendi ya matarumbeta aniandikie inboksi. Mchango ni wa soda na mafuta ya jenereta, tusije tukakatikiwa umeme katikati ya wimbo. Watoto waje pia.