Neno posh halikutoka kwenye tiketi ya meli

Mhariri naomba nafasi kidogo manake hii hadithi imenichosha. Kila likitajwa neno posh la Kiingereza, lile la kusifia kitu cha kifahari, hakosekani mtu wa kukwambia eti ni kifupi cha port out, starboard home, yaani kushoto ukienda kulia ukirudi, na kwamba matajiri wa Kiingereza waliopanda meli za kampuni ya P&O kwenda India walikuwa wanapewa vyumba vya upande wa kivuli ndo tiketi zao zikagongwa muhuri wa POSH. Juzi nimeikuta kwenye daftari la mwanangu, kaiandika kwa peni nyekundu, mwalimu kawapa kama ukweli. Imeniuma sana.

Jamani, hiyo tiketi iko wapi? Watu wameitafuta miaka nenda rudi, haijaonekana hata moja. Halafu angalieni tarehe, neno lenyewe lilishachapwa kwenye jarida la Punch Septemba 1918, ila hayo maelezo ya meli ya mapema kabisa yanayojulikana ni ya 1935, tena yalikuwa kwenye barua kwa mhariri wa Times Literary Supplement, jarida la vitabu la London! Barua moja tu, na mpaka leo watu wanaimeza.

Mi naona asili yenye mashiko iko mtaani. Karne ya 19 wezi wa London walikuwa wanaita hela posh, hasa zile sarafu ndogondogo, na kwenye Kiromani, lugha ya Waroma (ile jamii ya wahamaji wa Ulaya, si watu wa Roma), posh maana yake nusu, ndo wanaisimu wengine wakaunganisha na sarafu ya nusu peni. Kufika miaka ya 1890 kamusi za slangi zinasema posh ni mtanashati, mtu wa kujipamba. Kutoka hela mpaka mtanashati si mbali hata kidogo.

Na maana yake nayo ifundishwe vizuri. Hoteli posh ni sifa, sawa, lakini ukimwambia Mwingereza anaongea posh hapo umegusa tabaka lake, lafudhi ya waliosomeshwa shule za gharama, na anaweza akanuna kabisa, kwa hiyo mtoto akijua ni "kifahari" tu ataingia mkenge siku moja.

Mwanangu keshaikata ile mistari myekundu, pembeni kaandika 1918 na 1935, kesho anampelekea mwalimu.